Barua ya wazi kwa binamu yangu: ile bunduki ya mitutu miwili

Binamu,

Tangu arobaini ya Babu hatujaongea. Umewaambia kina shangazi kwamba nimekunyima urithi. Nakujibu hapa kwa kuwa simu zangu hupokei.

Kwanza, ile bunduki ya Babu uliiita gobore. Gobore hushindiliwa baruti mdomoni. Ile inakunjuka katikati, na mtambo wake wa kufyatulia ni wa Anson na Deeley, uliobuniwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1875. Mafundi wa bunduki za mitutu iliyolala ubavu kwa ubavu wanautumia mpaka leo, maana vyuma vyake ni vichache na vyote vimejificha ndani ya kasha moja. Hiyo ya kujipakia risasi yenyewe unayoitamani, masizi yakiijaa inakwama. Ya Babu ukiikunjua, hata aliyesimama pembeni anaona kama ina risasi au haina.

Halafu ukacheka vifyatulio viwili. Cha mbele ni cha mtutu wa kulia, ambao mdomo wake haukubanwa sana: marisau, vile vipira vidogo vilivyomo ndani ya risasi, yanatawanyika mapema, kwa kanga anayeruka karibu na miguu yako. Cha nyuma ni cha kushoto, umebanwa kama milimita 1, ili marisau yamfikie yakiwa bado yamekusanyika yule aliyekwisha kwenda mbali. Kidole kinachagua papo hapo. Mtutu mmoja utakupa wapi uchaguzi huo?

Ila lile la sebuleni ndilo lisilonitoka. Wazee wamekaa mkekani, kahawa haijapoa, wewe ukaishika kwa mkono mmoja, ukairusha ikajifunga kwa kishindo, kisha ukavuta vifyatulio vyote viwili, ndani hamna kitu. Mbele ya wazee! Babu alitufundisha sote: mitutu inabaki imeelekea chini, kitako ndicho kinachoinuliwa, na dole gumba linaushika ufunguo wa juu, ule wa kuikunjulia, mpaka uuachie taratibu. Ukiibamiza, pini ya bawaba inalika kidogo kidogo, mwisho mitutu haikai tena sawasawa kwenye uso wa mtambo. Ukiiinua kwenye mwanga unaona ufa mwembamba kama unywele. Na sindano inayogonga risasi ikipiga hewa mara kwa mara, iko siku itavunjika.

Risasi ulizokuja nazo nazo zilikuwa za milimita 70. Vyumba vya ile, pale risasi inapokaa, vimechongwa kwa milimita 65. Ya 70 inaingia bila tabu, na hapo ndipo inapodanganya, kwa sababu urefu huo hupimwa ganda likiwa limeshafunguka ncha yake iliyokunjwa. Ikilipuka, ncha ya ganda inafungukia pale chumba kinapoanza kuwa chembamba, njia inabana, na msukumo unapanda ndani ya chuma cha zamani. Ungeishika wewe mwenyewe, Binamu. Uso wako ungekuwa sentimita chache tu kutoka hapo.

Ndiyo maana asubuhi yake niliipeleka polisi. Leseni ilikuwa ya Babu, na mwenye leseni akifa bunduki hukabidhiwa, haigawanywi kama shamba. Sikukunyima. Nisingeiacha chini ya kitanda hata kama ungelia.

Wewe ndiye uliyekuwa ukimwokotea maganda ukiyanusa njia nzima. Nenda kaombe leseni, sitakuwekea pingamizi. Nunua risasi za milimita 65, zenye gramu 28 za marisau. Na ukishaipaka mafuta, isimamishe mdomo chini, yasije yakashukia kwenye mbao za kitako. Babu alikuwa akiisimamisha juu ya kipande cha khanga ya Bibi.