Eliya mwanangu, umekula?

Kongwa, 14 Juni 2025

Mwanangu Eliya,

Mbukwa. Bwana Yesu asifiwe. Huku wazima, isipokuwa bibi yako na macho yake, nitakueleza huko mbele. Naandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu hunisikilizi. Nikianza tu, unasema, "Mama, nipo kipindini," hata saa mbili usiku. Kipindi gani cha saa mbili usiku? Karatasi nimeichana kwenye daftari la vikoba, kwa hiyo hayo majina na marejesho upande wa nyuma hayakuhusu.

Jumanne nilikuwa kisimani. Yule binti wa jirani anayesoma huko chuoni Chimwaga amekuja kumzika babu yake. Tukasalimiana, akaniuliza, "Mama Eliya, kaka anaendeleaje tangu aanguke?" Nikajifanya najua. Nikasema anaendelea vizuri, namshukuru Mungu. Nikajitwisha ndoo, maji nusu yakamwagika njiani. Kumbe ulianguka kwenye mkesha, siku ya tatu ya kufunga, wakakutoa nje wakakupepea kwa kitabu cha nyimbo. Na mimi niliyekuzaa naambiwa kisimani, mbele ya watu wanaosubiri zamu.

Umekula leo? Usinijibu "nimekula, mama". Niambie umekula nini.

Huyo binti nilimfuata jioni kwao, msibani, Mungu anisamehe, nikamhoji. Amenieleza yote. Kwamba bumu, hiyo hela ya mkopo, likiingia, siku ya tatu huna kitu. Kwamba Jumamosi unashuka mjini na wenzako wa ushirika na sufuria la wali mpaka soko la Majengo, na wale watoto wanaolala vibarazani wanakuita mwalimu. Kwamba viatu nilivyokununulia Januari anavyo mtoto mmoja, vinampwaya, amejaza makaratasi mbele. Hapo nilicheka, kisha nikaona machozi. Akaendelea, akasema una sapu mbili. Mimi nikasikia supu, nikasema afadhali, supu anakunywa. Akanieleza sapu ni mtihani wa kurudia. Nilinyamaza.

Eliya, masomo ya kurudia si aibu, wengi wamerudia. Ila mtu anayesoma na njaa anasoma nini? Bodi ya Mikopo haikukupa ile hela uipikie wali soko zima. Ni mkopo, utaulipa wewe, na ulipewa ule, usome. Wagogo wenyewe unajua tunavyosemwa huko nje, kwamba kazi yetu kuomba. Sitaki waanze kusema kwamba sasa tunaomba mpaka vyuoni.

Kazi ya Mungu sikatazi. Nitaikatazaje na mimi mwenyewe imenishika? Jumapili iliyopita nilikuwa na watoto kumi na wanne nje ya kanisa, na kopo moja la maji, lita moja haifiki. Ile pampu imeharibika tena, tunachota kwenye shimo la mtoni. Kuna mtoto mmoja, ana miaka mitatu hivi, inzi wamemkalia kwenye kona za macho wala hawafukuzi, amewazoea. Namshika kidevu, anageuza shingo. Nikamwambia hebu nishikie kopo wewe mwenyewe, unimwagie mimi kwanza. Akanimwagia, kidogo kidogo, ulimi nje. Basi baada ya hapo akakubali. Tongotongo zilikuwa zimekauka, nikazilowesha kwa kidole mpaka zikalegea. Wote kumi na wanne walinawa na maji yakabaki. Hawa wamama wanaosema maji hayatoshi kunawisha watoto uso, huwa nawaambia waje wahesabu.

Maana trakoma, ugonjwa huu wa macho, hainyamazi, mwanangu. Mwaka huu walipita tena kugawa dawa, wakawasimamisha watoto kwenye ule ufito wenye alama wa kupimia kimo ili wajue kila mmoja apewe kiasi gani. Lakini dawa peke yake, uso ukibaki mchafu, inzi wanarudi na ugonjwa ule ule.

Na ndiyo haya ya bibi yako. Kope zimegeukia ndani, zote za jicho la kushoto, zinamkwaruza kila akipepesa. Jumatano namlaza mlangoni penye mwanga, namng'oa moja moja kwa kibano. Wiki mbili, zimeota tena, fupi, ngumu kama mabua ya ufagio. Daktari amesema dawa yake sasa ni kupasuliwa ukope, ni jambo dogo, anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Tusipofanya hivyo jicho litakwenda. Bibi anakataa. Anasema hapandi kitanda mpaka mjukuu wake aje amshike mkono na kumwombea, wewe, si mchungaji. Mchungaji amekuja mara mbili amerudi na Biblia yake.

Pasaka tulikusubiri. Nilichinja yule jogoo. Ukatuma ujumbe kwamba mna huduma na watoto, ukaniandikia na Isaya 58, kwamba saumu aliyoichagua Bwana ni kumgawia mwenye njaa chakula chako. Sawa, nimesoma. Mimi huwa nasoma mstari mpaka mwisho wake, Eliya. Hapo hapo, mstari wa saba, mwishoni, imeandikwa kwamba usijifiche na mtu mwenye damu moja nawe. Hilo hukuliandika. Nafasi ya ujumbe iliisha?

Na hilo jina sikukupa hivi hivi. Yule nabii Eliya mwenyewe alipochoka akalala chini ya mretemu akaomba afe, malaika hakumletea mahubiri. Alimgusa akamwambia inuka, ule. Akala, akalala tena. Akaguswa mara ya pili, ule tena. Mkate na gudulia la maji. Safari ya Horebu ilikuja baadaye. Ukipenda kufunga, funga, lakini ukifunga siku tatu halafu ya nne unatembea juani na sufuria kichwani, mimi hiyo siielewi. Na kama mnaofunga ni kumi na anayeanguka ni wewe peke yako, ina maana wenzako walikula jana yake na wewe hukula.

Sasa hili la kupanga nyumba Nkuhungu. Nimelisikia pia. Kwamba ukihitimu hutaki kuomba ajira, unataka mpange nyumba, ninyi vijana wanne, mlale na hao watoto humo. Nilivaa gauni la kanisani nikaenda halmashauri kwa afisa ustawi wa jamii, nikasema nauliza kwa niaba ya mtu. Nadhani alijua ni mwanangu. Akanikalisha, akanieleza taratibu. Kwamba kuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na makao ya watoto hayafunguliwi kwa kuwa na moyo, yana leseni yake na ukaguzi. Kwamba mtoto aliyeko mtaani kwanza anatafutiwa ndugu zake, na kama nyumbani hapafai, kuna familia zinazopimwa na ustawi ndipo zikapewa mtoto kwa malezi ya kambo. Huko kwenye makao ni mwisho, yote yakishindikana. Watoto si kuni, hawaokotwi mtu akajitwisha tita. Nikamuuliza, na wenye nia njema? Akasema, mama, hata wenye nia mbaya huja wakisema wana nia njema, ndiyo maana tunaangalia karatasi.

Hapo alinichoma, kwa sababu nyingine.

Lakini uliyoyafanya kwa yule mtoto wa Bahi, nilisimama kanisani nikayatolea ushuhuda. Kumkalisha mpaka akataja kijiji, kupiga ile namba 116 ya msaada kwa watoto, kwenda na watu wa ustawi hadi kwa shangazi yake, kurudi tena mwezi wa pili kuona kama yupo. Sasa yuko darasa la pili, binti ameniambia. Hiyo ndiyo kazi. Ada haipo, lakini sare na madaftari haviji vyenyewe, na shangazi mtu ana wanne wake. Ukitaka kutumia hela, tumia pale, kidogo, kila muhula, baada ya kula. Baba yako hasemi kitu, unamjua, lakini picha yako na huyo mtoto ameionyesha kila mzee pale kilabuni. Nimemkuta mwenyewe, simu inazunguka mkono kwa mkono pamoja na kata ya pombe.

Najua kwa nini huwezi kumpita mtoto barabarani. Ya mwaka 2006 siyaandiki. Unayoyajua unayajua, na mengine najua dada yako amekueleza. Ila kuna moja hata yeye halijui. Lile gunia la mahindi aliloliacha yule mama wa Dar es Salaam aliyesema atamsomesha dada yako, baba yako alitaka kulirudisha asubuhi yake. Alikwisha kulitoa nje. Mimi ndiye niliyesema libaki. Ulikuwa na miaka minne, miguu imeanza kuvimba, nikikubonyeza kidole kinabaki shimo. Siku ile ile nilitwanga, ukala uji. Dada yako alikuwa na kumi na mitatu, na aliaga akiwa na furaha, alidhani anakwenda shule. Kama hapo kuna deni, mwenyewe ninamjua, na si wewe. Usinilipie kwa tumbo lako.

Haya. Uwele tumevuna magunia manne. Yangekuwa saba, kweleakwelea walitushukia wakati punje ziko laini, watoto walipiga madebe mpaka sauti zikawakauka. Mtama ni kidogo, wa mbegu tu. Baba mdogo huko Mpunguzi anahangaika na zabibu, mnunuzi kila wiki anasema wiki ijayo, na zabibu haimngoji mtu. Mbuzi yule mweupe amezaa mapacha, mmoja jike, nimemwandika jina lako, usimgawe. Bati la jikoni lile lililong'oka bado limewekewa mawe, baba yako anasema atapigilia misumari kabla ya mvua za Desemba, kama alivyosema mwaka jana.

Dada yako anakuja Agosti kwa treni ya umeme na mwanawe. Amefunga cherehani siku tano kwa ajili hiyo. Binti yake yuko darasa la saba, anakuwa wa kwanza, na dada yako ameniapia huyo mtoto hafui hata soksi ya mtu mwingine. Sikujibu hapo, nilimwambia tu nitawapikia mlenda. Nataka uwepo. Ukiwepo mbele ya bibi na mbele ya dada yako, pengine hilo la gunia nitaweza kulisema kwa mdomo. Usilitangulize kwake wewe. Na ukope wa bibi tutauwekea siku hiyo hiyo, daktari amesema wapo.

Kuhusu hizo sapu, niandikie tarehe zake nifunge. Mimi nitafunga, nimezoea, nina mwili. Wewe utakula.

Mzigo nampa kondakta wa basi la asubuhi, atakuachia Nanenane saa tano, uwepo wewe mwenyewe, usitume mtu. Ndani ya debe kuna mifuko miwili. Mwekundu ni karanga, nimekaanga kwa mchanga usiku kucha, hizo ni za watoto wako wa Majengo, wagawie kwa kiganja ili zifike kwa wote. Mweupe ni unga wa uwele, mlenda mkavu na chumvi, huo ni wako. Nimeupima, unakutosha mwezi kwa mlo mmoja kwa siku. Huyo binti wa jirani anarudi chuoni Jumatatu, nimemwambia akuangalie sufuria. Kasirika ukitaka.

Viatu sinunui vingine mpaka Agosti. Huyo mtoto mwambie akibadilisha makaratasi aweke pamba, makaratasi yanachubua.

Kondakta nimeshamlipa, akikudai tena usimpe. Debe ni la Mama Mchungaji, lirudi na basi la Jumamosi.

Mama yako