Kwenda Guangzhou masaa 15, kurudi masaa 6? Ngoja tuelewane

Juzi dada mmoja anauza viatu jumla kaja ofisini kwetu hapa Kariakoo, tunapokata tiketi za ndege, na tiketi yake mkononi, kaigeuza nyuma kapiga hesabu na biro, afu anatuangalia kama tumemwibia. Kwenda anatoka Dar 11:00 anatua 02:30, masaa 15 na nusu. Kurudi anatoka Guangzhou 04:00 anatua Dar 10:00, masaa 6. "Sasa si mngenikatia hiyo ya haraka kwenda na kurudi?"

Tulicheka, ila hayuko peke yake, ni swali la kila wiki.

Iko hivi, kila saa kwenye tiketi ni saa ya mji ambao ndege ipo wakati huo, na Guangzhou wako mbele yetu masaa 5. Akitua kule saa nane na nusu usiku, huku Dar ndo kwanza saa tatu na nusu, watoto hata hawajalala. Kwa hiyo kwenda unatoa 5, inabaki 10 na nusu, kurudi unaongeza 5, inakuwa 11. Hiyo nusu saa ya ziada ya kurudi ni upepo, huko juu upepo mkali unavuma kutoka magharibi, ukienda unakusukuma ukirudi unapambana nao.

Umbali wenyewe ukipiga mstari ulionyooka ni kama kilomita 8,700. Dreamliner, ile ndege kubwa ya Boeing 787, inatembea kama kilomita 900 kwa saa hivi, ukigawanya unapata chini ya masaa 10, lakini kuna kuzunguka uwanjani, kupanda, kushuka, na njia za angani hazijanyooka kama rula.

Ukipitia Addis umbali hauongezeki sana, jumla kama kilomita 9,800. Kinachokula muda ni kusubiri ndege ya pili, na tiketi ya bei chee mara nyingi ndo hiyo yenye kusubiri masaa 12 kwenye viti vya chuma. Sisi tunakwambia kabla hujalipa, ukiamua kulala uwanjani shauri yako.

Sasa kinachotuumiza kichwa kweli ni ndege za usiku wa manane. Kuna kaka tiketi yake ilikuwa tarehe 14, saa 01:40. Katokea uwanjani Terminal 3 tarehe 14 saa nne usiku, mabegi mawili, shemeji kamsindikiza, kumbe ndege imeondoka toka jana yake usiku, wenzake pengine washatua na kuoga. Maana 01:40 ya tarehe 14 ni usiku wa kuamkia tarehe 14, unatakiwa utoke nyumbani tarehe 13! Na kuna mwingine yeye aliisoma "saa moja na dakika arobaini", akajua ni asubuhi, huyo bahati nzuri alitupigia mapema.

Toka siku ile kila tiketi inayotoka kwetu tunaiandika juu kwa kalamu nyekundu, kwa Kiswahili: TOKA NYUMBANI JUMAPILI TAR 13 SAA MBILI USIKU. Masaa matatu ya uwanjani yamo humo, na foleni ya magari pale Tazara, njia ya kwenda uwanjani, tumeiwekea nafasi yake. Kama ulikata sehemu nyingine pia tupigie picha ya tiketi ututumie WhatsApp, tutakuandikia na wewe, hatuchaji.