Bobea kwenye tatizo, si kwenye zana

Ndugu Mhariri,

Anayeingia kwenye kazi ya kutengeneza tovuti huulizwa mapema mno: utabobea kwenye jambo moja au utajifunza kila kitu? Swali lenyewe lina pengo, maana halisemi unabobea kwenye nini.

Mabingwa wa Flash, programu ya kuweka uhuishaji (picha zinazosogea) kwenye tovuti, waliijua vilivyo. Mwaka 2007 iPhone ilitoka bila kuikubali, na 31 Desemba 2020 Adobe ikaacha kuihudumia. Aliyeijua zana tu alibaki na ujuzi usio na mnunuzi. Aliyeelewa uhuishaji wenyewe alihamia CSS na JavaScript, lugha za kuandikia tovuti, kazi ikaendelea. Bora basi kubobea kwenye tatizo lisilokwisha: kasi ya kurasa, usalama, hifadhidata.

Hata hivyo wabobezi watupu hukwama pale kazi zao zinapokutana. Ukurasa ukifunguka polepole, fundi wa muonekano humlaumu wa seva (kompyuta inayotuma kurasa), naye wa seva husema picha ni nzito. Mjuzi wa mengi hupima kwanza. Hufungua zana za wasanidi ndani ya kivinjari, huzima akiba (nakala za kurasa ambazo kivinjari kimejiwekea), hupakia ukurasa upya, kisha hutazama baiti ya kwanza, yaani chembe ya kwanza ya data kutoka kwenye seva, imefika baada ya muda gani. Ikizidi sekunde 0.8, aanze na seva. Mara nyingi atakuta orodha ya bidhaa 50 inaiuliza hifadhidata mara 51: mara moja kwa orodha, kisha mara moja kwa kila bidhaa. Kununua seva kubwa zaidi hakuponyi hilo, maswali yaunganishwe. (Kwenye kompyuta ya msanidi kasoro hii haionekani, kwa kuwa hifadhidata yake ya majaribio ina bidhaa tatu.) Baiti ya kwanza ikiwahi lakini picha kuu ikachelewa kupita sekunde 2.5, apime picha: yenye upana wa pikseli 4000 haina kazi kwenye nafasi ya pikseli 400.

Mjuzi wa mengi naye ana mpaka. Asijitungie namna ya kuhifadhi nywila, wala asitumie MD5, njia ya zamani ya kufumba data, ambayo wepesi wake humrahisishia mdukuzi kubahatisha nywila. Atumie Argon2 au bcrypt, njia zilizoundwa kwa ajili ya nywila, na mfumo wa malipo ukaguliwe na mbobezi wa usalama.

Waajiri wanaotangaza nafasi moja ya kusanifu, kuandika programu, kulinda seva na kutafuta wateja hawatafuti mjuzi wa mengi. Wanatafuta watu wanne kwa mshahara mmoja.

Msanidi wa tovuti