Barua ya wazi: Marahaba uliyoitika haikuwa yako

Kwenu vijana mliokabidhiwa ofisi hapa Tanga,

Wanangu, asalaam aleikum, na wasio wa salamu hiyo, habari za kazi.

Jumanne ya wiki iliyopita nilikwenda ofisi moja hapa mjini kufuatilia karatasi zangu. Nikakaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi. Saa tatu kasorobo akaingia mkuu wa ofisi, kijana wa umri wa kitindamimba wangu, funguo za gari zinaning'inia kidoleni. Mzee mfagizi, ambaye mvi zake na zangu hazipishani, akaacha fagio, akainama kidogo: "Shikamoo, bosi." Na yule kijana, wallahi, akaitika: "Marahaba." Hata kusimama hakusimama. Aliitika kwa mgongo.

Marahaba hiyo nimelala nayo, nimeamka nayo, wiki nzima. Pwani hii shikamoo hutoka kwa mdogo kwenda kwa aliyemtangulia kuliona jua. Haifuati mshahara. Yule mzee simlaumu sana, maana njaa humfundisha mtu kuamkia hata kiti. Lakini wewe uliyeitika umekula kisicho chako. Ungesema, "Aa, mzee wangu, shikamoo ni mimi wa kukupa," ungepungukiwa nini?

Kisha nikayaona yaliyobaki. Watumishi waliulizana kwa kunong'ona, "Leo kaamkaje?", kama wavuvi wa Deep Sea, pwani yetu hapa Tanga, wanavyoulizana habari za upepo wa kusi. Binti mmoja alikuwa na barua ya kutiwa saini. Alifika mlangoni mara tatu, akarudi mara tatu. Barua yenyewe, nikaja kujua, ilikuwa yangu.

Msidhani nimezaliwa na hekima hii. Mimi nilikuwa nyapara. Miaka ya 1980, katika shamba moja la mkonge njia ya Muheza, nilisimamia zamu ya korona, ile mashine ya kukamua majani zibaki singa, yaani nyuzi zake. Nilikuwa mkali, na nilijisifu nao ukali huo: kwenye zamu yangu hakuna kucheka. Palikuwa na kijana mmoja wa kulisha majani. Asubuhi moja akanijia, "Mzee, mkanda unalia." Nikamjibu mbele ya wenzake, "Ufundi umeusomea wapi? Rudi kalishe majani!" Wenzake wakacheka, mimi nikafurahi. Miezi kama miwili baadaye ukalia tena. Akausikia yeye, na wenzake wawili wakausikia. Hakuna aliyefungua mdomo. Saa nne ukakatika, na ni Mungu tu aliyetaka usimpate mtu. Kipuri kilichukua siku nne kufika. Wenye kuujua mkonge mnajua kwamba jani likishakatwa halingoji. Likilala siku mbili tatu hukauka, na singa haitoki sawasawa. Wakataji walikuwa wameshafunga mafungu yao, majani 30 kila fungu, jasho la watu, yote yakanyaukia uwanjani.

Meneja akaniuliza kwa nini hakuna aliyeniambia. Nikanyamaza. Nilikuwa nimeambiwa, tena mapema, nikamcheka aliyeniambia.

Tangu siku ile nauhesabu uso mkunjufu wa msimamizi kuwa ni kifaa cha kazi, kama spana. Mkubwa anayeogopwa habari humfikia mwisho, na humfikia imeshaoza.

Najua jibu lenu: "Mlango wangu uko wazi." Nani aingie mlango ambao jana kamwona mwenzake akitoka humo analia? Toka wewe uwafuate. Pita mezani kwao wakati wa chai, vuta kiti, uliza, kisha unyamaze, na hapo ndipo wengi hushindwa. Jibu la kwanza huwa "hakuna tatizo, bosi." Subiri la pili. Na siku mtu akikuletea habari mbaya, mshukuru kwanza, ndipo uulize nani kafanya. Siku hiyo wenzake wote wanautazama uso wako.

Mengine nayataja tu. Majina ya watu yajue, la mlinzi likiwemo. Ukigombeza, iwe faraghani. Ukikosea, sema nimekosea. Msibani nenda mwenyewe ukakae mkekani, usiishie kutuma rambirambi kwa simu. Mchelewaji mwambie kachelewa, ukunjufu haujawahi kumzuia mtu kusema hilo. Na nyie wanaume, ucheshi kwa mabinti wa ofisini uwe ule mnaoweza kuufanya wake zenu wakiwa wamekaa pembeni. Mimi si mtoto, najua wengine wanaita nini "ukaribu".

Lakini mzigo huu sitawatwisha peke yenu. Mwaka 1971 TANU, chama tawala cha wakati ule, ilitoa Mwongozo, waraka wa kuwaelekeza viongozi, na kifungu cha 15 kikamkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwandani walikishika kifungu hicho wakawagomea mameneja wao. Sisi tulioyaona hayo ndio tuliowalea nyinyi, tukawaambia "soma uwe bosi", na bosi akishafika anafanya nini hatukusema. Mtaani mwenye cheo akipita kwa miguu akisalimia kila baraza, tunasema huyu hana hadhi. Anayetutimulia vumbi na gari la vioo vyeusi ndiye tunayemwinukia kwa heshima. Sasa mtajifunza wapi?

Barua yangu ilitiwa saini Alhamisi. Yule binti aliniletea pale pale kwenye benchi, akaniomba radhi kwa kosa ambalo si lake.

Nawe kijana wa Jumanne, jina lako sitalitaja, unajijua. Nimeuliza, nikaambiwa mzee wa fagio hufika saa kumi na mbili na nusu. Jumatatu wahi. Muamkie wewe, kabla hajaliacha fagio.

Ni mimi babu yenu,
nyapara mstaafu,
Ngamiani, Tanga