Ruta ya kompyuta kuukuu na mita ya tokeni

KWAKO MHARIRI,

Wanaowashauri watu wafufue kompyuta ya mezani iliyokaa stoo, waiwekee Linux (mfumo endeshi wa bure) na kuifanya ruta ya nyumbani, yaani kigawa intaneti, husahau mita ya tokeni. Mashine ya wati 50 ikikesha mwezi mzima hula yuniti 36. Kikompyuta cha ofisini cha mtumba, cha wati 10, hula 7 na ushei. Kwa kazi hii zote zina nguvu ya kutosha, na RAM ya GB 2 ni tele kwa Debian (aina ya Linux) isiyo na madirisha wala picha.

Ila vikompyuta hivyo vingi vina tundu moja tu la kebo ya mtandao, na ruta inataka mawili: la fiba na la ndani. Adapta ya USB huziba pengo, lakini ile ya bei ya chini ikishika joto hukatika ovyo, kisha lawama anabeba fundi wa fiba.

Kuiseti si kazi kubwa. Weka net.ipv4.ip_forward=1 (ruhusa ya kupitisha data toka tundu moja hadi jingine), programu ya dnsmasq igawe anwani za mtandao kwenye tundu la ndani pekee, nftables, yaani mlinzi wa mtandao, ifanye masquerade (vifaa vyote vya ndani vionekane kwa anwani moja) kwenye la nje na izuie kila kinachobisha hodi bila kuitwa. Wengi hukwamia kwenye namba za anwani. Kisanduku cha fiba mara nyingi hugawa 192.168.1.x. Ukiipa ruta yako 192.168.1.1 upande wa ndani, inaona mtandao uleule pande zote mbili, haijui pakiti (kipande cha data) iipeleke wapi, na intaneti haifunguki ng'o. Ipe 192.168.50.1, yaishe.

Wi-Fi iachie ruta yako ya zamani: badilisha anwani yake iwe 192.168.50.2, zima DHCP yake (ugawaji wa anwani), na kebo itokayo tundu la ndani la kompyuta iingie tundu lake la LAN (la ndani), si la WAN (la nje).

Na huku Kisumu, ambako radi ya jioni huondoka na stima, BIOS (programu ya ndani inayoamsha kompyuta) iambiwe iwashe mashine yenyewe stima ikirudi. Mashine ya mtumba aghalabu ina betri ya CR2032 (kama sarafu, inayotunza kumbukumbu ya BIOS) iliyokwisha. Stima ikipotea, BIOS husahau agizo hilo, na nyumba hukaa bila intaneti hadi mtu aje abonyeze swichi. Betri hiyo ibadilishwe kabla skrubu hazijakazwa.

Fundi wa mitandao,
Kisumu