YAH: Kipimo cha aleji mlichomfanyia mbwa wangu akiwa bado anatumia steroidi

Habari za kazi. Nawaandikia kuhusu kile kipimo cha ngozi mlichomfanyia mbwa wangu Tomi. Ana miaka 3 sasa, na tangu ana mwaka mmoja ni kujikuna tu, usiku kucha analamba miguu mpaka manyoya ya katikati ya vidole yamekuwa rangi ya kutu, masikio hayaishi kuuma, kwapani ngozi imekuwa nyeusi na nene. Viroboto tulishawamaliza, chakula maalumu amekula wiki 8 bila kuonja kitu kingine, wapi. Ndo tukaja kwenu.

Mkampa dawa ya kumtuliza, mkamnyoa ubavu, mkamchoma visindano vya vumbi, chavua na ukungu, mimi nipo pembeni naangalia. Dakika 15 zikapita hakuna kilichovimba, hata ile alama ya histamini haikuvimba, na hiyo ndo inatakiwa ivimbe ili mjue ngozi inaitikia! Pale pale mlitakiwa mshtuke. Nyie mkaandika "hana aleji", mkanipa risiti.

Tomi alikuwa amemeza prednisoloni, kidonge cha steroidi kinachozuia ngozi kuvimba, jana yake asubuhi. Hakuna aliyeniuliza, si kwenye simu, si kwenye fomu, si pale mezani. Daktari mwingine ndo kaja kunieleza kwamba vidonge vya steroidi vinaachwa angalau wiki 2 kabla, sindano zile za kukaa mwilini muda mrefu angalau wiki 4, na antihistamini, zile dawa za kupunguza mwasho, kama wiki moja. Tena akasema hiki kipimo hata hakipo kwa ajili ya kuamua kama mbwa ana aleji au hana, hilo linajulikana kwa dalili na kwa kuondoa sababu nyingine, kipimo ni cha kuchagua vitu vya kuweka kwenye sindano za kuuzoesha mwili vile vinavyomletea aleji. Sasa nyie mlitoaje jibu lile?

Inaniuma kwa sababu niliwaamini, nikarudi nyumbani nikaacha kutafuta aleji karibu miezi 2, na yeye anajikuna mpaka damu.

Naomba mrudie kipimo bila malipo akishamaliza muda wa kuacha dawa, au mnirudishie hela yote. Lile jibu mlifute kwenye faili lake kwa maandishi. Na kwenye fomu yenu wekeni swali moja tu: mbwa anatumia dawa gani, na ya mwisho kapewa lini.

Mwenye Tomi