Orodha za vitenzi vya Kijapani ziseme zilivyohesabiwa

Mhariri,

Wanaojifunza Kijapani hugawiwa orodha za "vitenzi 500 vinavyotumika zaidi" bila kuambiwa vilihesabiwa wapi wala vipi. Nyingi hujinasibu na JLPT, mtihani wa kimataifa wa kupima ujuzi wa Kijapani. Dai hilo halina mashiko, kwani tangu mtihani huo ufanyiwe mageuzi mwaka 2010, waandaaji hawatoi orodha rasmi ya msamiati. Zinazozunguka ni makisio tu.

Chanzo cha kuaminika kipo, tena cha bure. Taasisi ya taifa ya Japani ya utafiti wa lugha, NINJAL, ina kongoo (mkusanyiko wa matini za utafiti wa lugha) iitwayo BCCWJ: maneno yapatayo milioni 100 kutoka vitabu, magazeti, majarida, blogu, sheria, hata kumbukumbu za Bunge. Orodha ya marudio ya maneno hayo hupakuliwa kwenye tovuti ya taasisi. Usiifungue kwa kubofya mara mbili, maana programu ya majedwali ikikosea usimbaji wa herufi, maandishi yote ya Kijapani huvurugika. Iingize kama data, chagua UTF-8 na mtengano wa tabo, kisha chuja safu ya aina za maneno ubakize mistari inayoanza na 動詞, yaani kitenzi. Safu ya pmw huonyesha marudio kwa kila maneno milioni.

Sasa tatizo lenyewe. Orodha ziko mbili, ya vipande vifupi na ya vipande virefu, na wengi huchukua ya kwanza bila kujua. Kipande kifupi hukata "benkyō suru" (kujifunza) katikati: "benkyō" inakwenda kwenye nomino, "suru" inabaki kwenye vitenzi. Ukichuja vitenzi peke yake, vitenzi vyote vya namna hiyo, navyo ni vingi mno, vinatoweka, huku "suru" ikipanda kileleni kwa jasho la wenzake. Ama chuja pia nomino zenye alama ya サ変可能, yaani zinazoweza kuungana na "suru", ama tumia orodha ya vipande virefu.

Vitenzi visaidizi navyo hupotosha. "Shimau" ina maana yake ya kuweka kitu mahali pake, lakini mara nyingi hufuata kitenzi kingine kuonyesha kwamba jambo limekwisha kutendeka. Ni kama mtu ahesabu kila "-sha-" ya "ameshakula" kuwa kitenzi "isha", halafu amfundishe mgeni kwamba Waswahili hawaachi kuzungumzia mwisho. "Iru", "oku", "kuru" na "iku" zina kasoro iyo hiyo. Nafasi zao za juu zisomwe kama habari za sarufi.

Kuna pia maandishi yanayosomeka kwa njia mbili. 行った ni "itta" (alikwenda) au "okonatta" (alitekeleza). 開く ni "aku" au "hiraku". Kompyuta hukisia, na mara nyingine hukosea.

Kwa matumizi, NINJAL-LWP, chombo cha mtandaoni cha kupekua kongoo hiyo, kinafaa kuliko orodha yoyote. Andika kitenzi, nacho kitaonyesha nomino zinazoandamana nacho na kijineno cha sarufi kinachokaa kati ya nomino na kitenzi, pamoja na idadi. Hapo utaona kwamba "noru" (kupanda chombo) hutaka "ni", si "o" kama mwanafunzi anavyodhani.

BCCWJ ni lugha ya maandishi. Anayetaka mazungumzo atazame kongoo ya CEJC, saa 200 za maongezi ya kila siku, iliyotolewa kikamilifu mwaka 2022. Ni ndogo sana ikilinganishwa na ile nyingine, hivyo vitenzi adimu visipimwe humo.

Anayetengeneza kadi aanze na vitenzi 300, na kila kadi ibebe kundi la mnyambuliko pamoja na umbo la wakati uliopita. "Kaeru" ya kurudi hutoa "kaetta". "Kaeru" ya kubadilisha hutoa "kaeta". Kadi yenye hiragana (herufi za matamshi) na tafsiri peke yake haitenganishi hizo mbili.

Mwalimu wa Kijapani